Jiwe Lina Mgongo na Tumbo

Mtu wa Ubundu hawezi kusema kwamba hajui mawe. Mji wetu umekaa mahali pale ambapo mto mkubwa, tunaouita Lualaba, waanza kujikwaa. Kutoka hapa mpaka Kisangani maji hupita katika maporomoko 7, yaitwayo Boyoma, kwa mwendo wa kilometa 100 hivi, nayo hushuka meta 60 hivi. Kwa ajili ya miamba hiyo merikebu hazipiti, na kwa ajili yake reli ya kilometa 125 ilijengwa kando ya mto, ikamalizika mwaka 1906, wakati mji huu ulipoitwa Ponthierville. Nao wavuvi Wagenya wa Kisangani husimamisha miti yao mikubwa ndani ya mashimo ambayo maji yenyewe yameyachimba mwambani, wakatundika mitego yao hapo. Jiwe, basi, limetufungia njia na limetulisha samaki.

Lakini kulijua jiwe kwa nyayo si kulijua kwa kujenga. Hilo tumejifunza kwa huzuni.

Katika kigango kimoja cha parokia yetu ukuta wa darasa ulianguka usiku wa mvua. Ulikuwa ukuta wa mawe, na watu waliusifu kwa unene wake na kwa lipu yake nyororo. Asubuhi tulikuta mawe yamelala juu ya madawati 4 ya watoto wa mwaka wa pili. Kama mvua ile ingalinyesha saa nne ya asubuhi, leo tungaliandika habari nyingine, habari ya misalaba midogo. Twamshukuru Mungu. Hata hivyo mtu hamshukuru Mungu kweli ikiwa aacha hatari ile ile isimame mahali pengine. Kigango hicho kinataka sasa kujenga kikanisa, na wazee wa baraza wamegawanyika. Wengine wasema: mawe yametudanganya, tununue simenti tufyatue matofali ya simenti. Wengine wasema: simenti yatoka mbali na bei yake yatuua, lakini mawe Mungu ametupa bure. Padri paroko akatuagiza sisi makatekista tuchunguze jambo hilo, tulete maneno ya kueleweka. Seminarini tulifundishwa Kilatini na nyimbo, timazi hatukufundishwa. Basi tukaenda kwa mwenye kujua.

Huyo ni mzee aliyefanya kazi ya uashi miaka mingi. Alifika, akaamkia watu, akaanza kuchokora kifusi kwa fimbo yake bila kusema neno. Baadaye akatuonyesha mambo manne.

La kwanza, mawe mengi yalikuwa ya mviringo, yameokotwa mtoni na kuwekwa yalivyo. Jiwe la mviringo ni gumu sana, lakini halina mahali pa kukaa. Hukaa juu ya mwenzake kama yai juu ya yai. Sharti lipasuliwe kwa nyundo lipate uso. La pili, ukuta ulikuwa kuta mbili nyembamba zilizosimama bega kwa bega, na katikati yake udongo na kokoto zilizomwagwa tu. Hapakuwa na jiwe refu hata moja la kupita kutoka upande huu mpaka upande ule na kuzifunga pamoja. La tatu, mawe ya tabaka yalikuwa yamesimamishwa wima ili yaonekane makubwa kwa nje. La nne, lipu ya simenti ilikuwa nene na ngumu, nayo ilifungia ndani maji yaliyoingia kwa juu, maana paa halikuwa na mlizamu. Udongo wa ndani ukageuka uji. Uji ukasukuma, na ukuta ukapasuka tumbo.

“Mwalimu,” alituambia, “jiwe lina mgongo na tumbo. Lilivyolala ardhini ndivyo lilale ukutani. Ukilisimamisha, litakukumbuka siku ya mvua.”

Tukamwuliza maana yake. Akachukua kitabu chetu cha nyimbo, akakilaza juu ya dawati, akakikandamiza kwa kiganja: hakikufanya kitu. Kisha akakisimamisha, akamimina tone la maji juu yake. Maji yakaingia kati ya kurasa. Ndivyo lilivyo jiwe la tabaka. Likilala, uzito wa ukuta huzibana kurasa zake pamoja. Likisimama, mvua huingia kati ya kurasa, na uso wake hubanduka ganda kwa ganda. Kitabu chetu kimebaki na doa, lakini somo hilo hatutalisahau.

Fundi aliyejenga ukuta ule hatumtaji, wala hatumlaani. Alilipwa kwa urefu wa ukuta, naye alifanya ukuta mrefu upesi. Sisi wenyewe, kigango kizima, tulimwambia afanye haraka kabla ya mwaka wa masomo. Hakuna aliyemwandikia ni jiwe la namna gani, unene gani, wala udongo wa kujengea wa namna gani. Asiyeandika anachotaka hupokea anachopewa.

Kwa hiyo tukaandika. Haya ndiyo tuliyoyapeleka mbele ya baraza, na twayatia hapa kwa faida ya vigango vingine.

Juu ya kuchagua mawe. Jiwe zuri likipigwa kwa nyundo hulia kama kengele ndogo. Jiwe bovu hujibu kwa sauti ya chungu kilichopasuka. Tena kuna jaribio la mizani, ambalo kila kigango chaweza kulifanya kwa mizani ya mchuuzi wa mchele. Chukua jiwe kavu, lipime. Lilaze ndani ya maji usiku na mchana, lipanguse, ulipime tena. Jiwe la kilo 10 likitoka na kilo 10 na gramu 200, limekunywa kidogo, lafaa. Likitoka na kilo 11, limekunywa mno. Ulikwaruze kwa kisu, na kama laacha unga, uliache porini. Usichague jiwe kwa rangi yake kabla ya kulipima, kama vile mwenye busara hachagui mchumba kwa kitenge chake.

Juu ya kulaza mawe. Yaliyo makubwa na yenye pembe nzuri yawekwe pembeni mwa nyumba, maana pembe ndizo zishikazo kuta. Mstari wa maungio usipande moja kwa moja kutoka chini hadi juu. Kila jiwe likae juu ya mawili, na mawili juu ya moja. Katika kila meta 1 ya mraba ya ukuta liwepo walau jiwe 1 la kufunga, linalopita unene wote. Nafasi za ndani zijazwe kwa vijiwe vilivyozamishwa katika chokaa na simenti, si kwa kokoto kavu za kumwaga. Mawe yaloweshwe kabla ya kulazwa, yasije yakanyonya maji ya simenti ikafa kabla ya kushika. Kwa siku moja ukuta usipande zaidi ya meta 1, nao ufunikwe kwa majani ya migomba na kunyunyiziwa maji siku kadhaa. Tena simenti isiwe na nguvu kuliko jiwe. Kwa sehemu iliyo juu ya ardhi, mwashi wetu hutumia simenti kipimo 1, chokaa kipimo 1, mchanga uliooshwa vipimo 6. Watu hushangaa wakisikia hivyo, maana hudhani simenti nyingi ni uimara. Lakini ukuta hucheza kidogo kwa jua na kwa mvua. Maungio yakiwa laini kuliko mawe, ufa mdogo hupita katika maungio, nao hutengenezwa kwa saa moja. Maungio yakiwa magumu kuliko mawe, ni jiwe lenyewe linalopasuka.

Juu ya gharama. Neno “bure” lilitusumbua, tukataka kulipima nalo. Kikanisa kitakuwa na urefu wa meta 12 na upana wa meta 6. Kuzunguka kote ni meta 36. Tukifanya msingi wa mawe wenye unene wa sentimeta 45, ukishuka sentimeta 60 ardhini na kupanda sentimeta 50 juu yake, twapata karibu meta 18 za ujazo. Katika hizo, mawe yenyewe ni sehemu 7 kati ya 10. Meta 1 ya ujazo ya jiwe kama hili yaweza kuwa na uzito wa tani 2 na zaidi kidogo. Hivyo msingi tu wadai tani 30 hivi. Mtu mzima akibeba kilo 25 kichwani kwa safari moja, ni safari 1,200. Basi jiwe si la bure. Hulipwa kwa shingo za watu.

Ndiyo maana hatukushauri kuta zote ziwe za mawe. Tulishauri msingi na sehemu ya chini ziwe za mawe, kwa sababu hapo ndipo mvua irukapo kutoka ardhini na hapo ndipo mchwa waingiapo. Na juu yake matofali ya kuchoma, ambayo vijana wetu hujua kuyafanya. Kila kitu kifanye kazi kiliyoumbiwa.

Katika kuchunguza tulisoma pia habari za ndugu zetu wa pwani, walio mafundi wa mawe tangu karne nyingi. Kule Kilwa, Mombasa na Unguja hawana mwamba kama wetu; wana tumbawe, jiwe la baharini. Nao wamelijua tabia zake. Tumbawe la nchi kavu, lililo gumu na lenye mashimo, walilijengea kuta. Tumbawe bichi la majini, lililo laini likiwa limelowa, walilichonga upesi kuwa nguzo za milango na mapambo, kisha likakauka na kuwa gumu. Mabaki ya tumbawe waliyachoma kwa kuni wakapata chokaa. Kwa mawe hayo zilijengwa nyumba na misikiti ya Kilwa Kisiwani, na Ngome ya Yesu ya Mombasa ambayo Wareno waliianza mwaka 1593. Katika kanisa kuu la Waanglikana la Unguja, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, wenyeji husimulia kwamba nguzo kadhaa zilisimamishwa kichwa chini wakati askofu alipokuwa safarini, na mpaka leo zimesimama hivyo hivyo. Wageni hucheka. Sisi tuliposikia hatukucheka sana. Tulifikiri kwamba hata mahali penye askofu msomi kazi yahitaji mtu wa kukaa karibu na mafundi.

Lakini pwani inatufundisha zaidi kwa masikitiko yake. Mjini Unguja Sultani Barghash alijenga mwaka 1883 jumba kubwa liitwalo Beit al-Ajaib, ndiyo Nyumba ya Maajabu. Mji Mkongwe wote uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na jumba hilo lilikuwa fahari yake. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka. Na tarehe 25 Desemba 2020, siku yenyewe ya Noeli, upande mkubwa ukaporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu 2 wakafa. Jumba lilikuwa maarufu, wataalamu walikuwapo, na matengenezo yalikuwa yakiendelea. Bado mawe hayakungoja. Kwa upande mwingine, magofu ya Kilwa yaliwekwa mwaka 2004 katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya mawimbi, mvua na miti iliyoota juu ya kuta. Watu wakafanya kazi, wakazuia bahari, wakang'oa miche, wakatengeneza kuta, na mwaka 2014 Kilwa ikatolewa katika orodha hiyo. Umri wa ukuta wa Kilwa ni mkubwa kuliko ule wa jumba la Barghash kwa karne nyingi. Tofauti haikuwa umri.

Hapo ndipo baraza letu lilipokwama. Juu ya mawe walikubali. Juu ya matofali walikubali. Lakini tuliposema kwamba sehemu 1 kati ya 10 ya sadaka ya mavuno iwekwe kila mwaka kwa kutunza jengo, mzee mmoja alisimama, akasema kwa heshima, “Mwalimu, wajane wana njaa, nasi tulishe jiwe?”

Neno hilo si la mzaha, wala aliyelisema si mtu wa mzaha. Kila mwaka yeye ndiye huwapelekea wajane mihogo. Tulikaa kimya kitambo. Kisha tulimjibu hivi: Baba, wajane hao ndio watakaokaa karibu na ukuta siku ya mvua, maana hufika mapema kuliko sisi. Tena matunzo ya jiwe si fedha nyingi; ni macho na mikono. Mlizamu wa bati na mfereji wa kupeleka maji mbali na msingi. Fagio na maji ya kuondoa kuvu, pasipo brashi ya waya wala tindikali, maana hivyo huchubua ngozi ya jiwe. Kisu cha kuondoa mche wa mti ukiwa na majani mawili, kabla mizizi yake haijaingia ukutani. Ukiwa mti, kuung'oa ni kuubomoa ukuta pamoja nao. Maungio yaliyolika yachimbwe mpaka kina kiwe mara 2 ya upana wake, yasafishwe, yajazwe tena kwa mchanganyiko laini ule ule, wala yasipakwe tu juu kama siagi juu ya mkate. Na ufa ukionekana, tusiuzibe ili tusiuone. Tuweke alama ya penseli mwisho wake huku na huku, tuandike tarehe, turudi baada ya mwezi. Ufa uliolala hauna haraka. Ufa unaotembea wataka watu watoke ndani. Ukuta wa darasa lile ulikuwa na ufa miezi mingi, nao ulipakwa lipu mara mbili.

Mzee hakujibu. Aliketi. Siku ile hatukupiga kura.

Kuna jambo jingine lililotuuma zaidi. Mawe ya kwanza ya msingi yalipoanza kukusanywa, tuliona wabebaji wengi walikuwa watoto, tena saa za masomo. Wazazi walisema ni kazi ya Mungu. Ndugu, reli yetu ya 1906 ilijengwa katika Dola Huru ya Kongo, wakati wa Mfalme Leopold II, ambapo kazi ya shuruti ilikuwa jambo la kila siku katika nchi. Wazee wa wazee wetu walijua maana ya mzigo ambao mtu hakuuchagua. Je, sisi Wakristo tumwekee Mungu msingi kwa shingo za watoto? Tukawarudisha shuleni. Wakina mama wanaopasua kokoto kwa nyundo kando ya barabara, na ambao hupunjwa na wachuuzi, tulishauri walipwe kwa ndoo iliyopimwa mbele ya macho yao, bei moja kwa wote. Kazi ikapungua mwendo. Hata sasa yaenda polepole. Wapo wanaotulaumu kwa hilo, nasi twapokea lawama.

Yabaki jiwe moja, lililo la mwisho kwa kazi na la kwanza kwa heshima, yaani jiwe la altare. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1236, yataka kwamba, kwa desturi ya Kanisa, meza ya altare isiyohamishika iwe ya jiwe, tena jiwe moja la asili, ingawa Baraza la Maaskofu laweza kukubali kitu kingine kilicho imara na cha heshima. Tulipolisoma hilo tulifurahi. Kanisa takatifu, linaloshughulika na roho za watu, limekumbuka kuandika ni jiwe la namna gani. Mwashi wetu amekwisha kulipata katika machimbo: jiwe la tabaka lililolala vizuri, bila mshipa wala ufa. Likichongwa kwa urefu wa sentimeta 120, upana 70 na unene 10, litakuwa na uzito wa kilo 200 hivi. Watu wazima 8 wanaweza kulichukua kwa miti. Amelipiga kwa nyundo mbele yetu, likalia. Amelitia alama ya mkaa upande wa juu, ili siku ya kulisimika tusikose kujua mgongo wake ni upi.

Bwana wetu alipomchagua Simoni alimpa jina la jiwe, na sote twajua kwamba jiwe hilo lilitetemeka usiku mmoja mbele ya kijakazi. Hakulitupa. Alilitunza, akaliuliza mara tatu kama linampenda. Twafikiri hata katika hilo kuna fundisho kwa wenye nyumba: jiwe huchaguliwa mara moja, lakini huangaliwa mara nyingi.

Baada ya wiki tatu baraza lilikutana tena. Sehemu 1 kati ya 10 haikupita. Ilipita sehemu 1 kati ya 20, pamoja na daftari la jengo, litakaloandikwa kila Jumapili ya kwanza ya mwezi na watu wawili, mmoja wao akiwa mama wa kigango. Mzee yule aliyeuliza juu ya wajane ndiye aliyeombwa kushika penseli ya kwanza, naye alikubali. Mlizamu haujanunuliwa bado, na mvua hazingoji fedha zetu.

Wasomaji wapendwa wa vigango vyote, Jumapili hii Misa ikiisha msiende nyumbani mara moja. Zungukeni kanisa lenu na shule yenu kwa nje, taratibu, mkitazama chini kwenye msingi na juu kwenye paa. Mkiona ufa, andikeni tarehe. Na watoto wanaokaa upande huo, wahamisheni leo, msingoje mwezi uishe.